Nani Anasema Sasa? Falsafa na Historia ya Vita Katika Vitabu vya Sauti

Mazungumzo ya Plato yaitwayo Theaetetus yanaanzia mjini Megara. Euclides ametoka kumwona Theaetetus akibebwa kutoka kambi ya jeshi ya Korintho kurudishwa Athens, ana majeraha ya vita na ugonjwa wa kuhara damu, yu mahututi. Tukio hilo linamkumbusha mjadala ambao Socrates aliwahi kufanya na Theaetetus huyohuyo alipokuwa kijana. Euclides aliuandika wote, na kila alipokwenda Athens alimwuliza Socrates yale aliyoyasahau. Rafiki yake Terpsion anatamani kuusikia. Wote wawili wamechoka, wanakaa kupumzika, na mtumwa wa nyumbani anaagizwa achukue kitabu asome. Kuanzia hapo hadi mwisho, falsafa yote tunayoipata mle inatoka kinywani mwa mtumwa asiyetajwa jina.

Kabla usomaji haujaanza, Euclides anatoa maelezo mafupi ya kiufundi. Ameondoa maneno ya kuunganishia, yale ya "nikasema", "akajibu", "akakubali", kwa sababu yangemsumbua msikilizaji. Maswali na majibu yanafuatana yenyewe. Hapo Plato aligusa tatizo ambalo kila anayerekodi vitabu vya falsafa na historia ya vita hukutana nalo hata leo. Maneno hayo yakibaki, yanachosha. Yakiondolewa, msikilizaji anaweza kupotea asijue nani anasema sasa. Suluhisho halimo kwenye maandishi, limo kwenye sauti ya anayesoma. Kwa sababu hiyo naamini msomaji wa vitabu hivi ni mfafanuzi kwa maana kamili ya neno, na kazi yake inastahili kupimwa kwa vipimo tunavyotumia kumpima mtafsiri au mhariri.

Chukua sentensi moja ya Kiswahili: hawakukimbia kwa sababu waliogopa. Ukitua kidogo baada ya neno la kwanza, unasema kwamba walibaki, na woga ndio uliowabakiza. Ukiisoma kwa pumzi moja na kukazia neno la mwisho, unasema kwamba walikimbia, lakini si kwa woga. Ni askari walewale na herufi zilezile, ila historia ni mbili. Anayesoma kwa macho anaweza kusimama, akarudi nyuma, akapima. Anayesikiliza amekwisha kuamuliwa, na aliyeamua ni mtu aliyekaa mbele ya maikrofoni.

Pliny Mzee, mwandishi wa Roma wa karne ya kwanza, alikuwa akisomewa karibu saa zote: wakati wa chakula, hata akiwa anakaushwa baada ya kuoga. Yeye mwenyewe alikuwa mwanahistoria wa vita, kwani aliandika vitabu 20 kuhusu vita vya Warumi na Wajerumani, ambavyo vyote vimepotea. Mpwa wake anasimulia kwamba siku moja msomaji alikosea kutamka neno, na rafiki mmoja akamsimamisha arudie. Pliny akamwuliza rafiki yule kama alikuwa ameelewa. Alipokiri kwamba alielewa, Pliny akamlaumu: kwa nini basi umrudishe nyuma, wakati tumepoteza zaidi ya mistari kumi?

Kwa masimulizi ya vita, mara nyingi Pliny ana haki. Jina la kijiji cha Gaul likitamkwa vibaya, msafara wa jeshi hausimami, na msikilizaji anaendelea kuelewa nani anamfukuza nani. Kwa falsafa nasimama na rafiki yake. Kiambishi kimoja cha kukanusha kikimezwa, au neno la masharti likisomwa kana kwamba ni la uhakika, hoja nzima inageuka, na msikilizaji hana njia ya kugundua.

Historia ya kurekodi vitabu yenyewe ilizaliwa karibu na vita. Nchini Uingereza, huduma ya vitabu vya sauti kwa wasioona ilianza mwaka 1935, na miongoni mwa walioipigania alikuwa Ian Fraser, ofisa aliyepofuka kwa risasi katika mapigano ya Somme mwaka 1916. Alikuwa akiongoza St Dunstan's, taasisi iliyowahudumia askari waliopoteza macho vitani. Marekani ilikuwa imetangulia kwa mwaka mmoja. Santuri za wakati huo hazikubeba hata nusu saa kila upande, kwa hiyo kitabu kimoja kilihitaji rundo zima. Mwaka 1975 Duvall Hecht, aliyewahi kuwa rubani wa wanamaji wa Marekani, alianzisha Books on Tape, akipeleka kanda kwa posta kwa watu waliokuwa wakipoteza saa nyingi barabarani kwenda kazini. Audible ikaanza mwaka 1995. Mwaka 2005 Hugh McGuire alianzisha LibriVox huko Montreal, ambako watu wa kujitolea husoma vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha na kuviachia bure kwa yeyote.

Hakimiliki hiyo ina athari kubwa kuliko inavyozungumzwa. Plato hana hakimiliki, lakini mtafsiri wake anaweza kuwa nayo. Kwa hiyo rekodi za bure za Kiingereza husimama juu ya tafsiri za zamani: Plato wa Benjamin Jowett wa 1871, Thucydides wa Richard Crawley wa 1874, Marcus Aurelius wa George Long wa 1862, Clausewitz wa J. J. Graham wa 1873, Sun Tzu wa Lionel Giles wa 1910. Tafsiri ya Clausewitz ya Michael Howard na Peter Paret ya mwaka 1976, ambayo wanafunzi wengi wa mambo ya kijeshi wanaitegemea, haiwezi kurekodiwa bila kibali. Matokeo yake ni kwamba msikilizaji asiye na fedha, Arusha au Manchester, humsikia jemadari wa Prussia akisema kwa sentensi ndefu za Mwingereza wa zama za Malkia Victoria. Msomaji naye anabeba mizigo miwili, ugumu wa hoja na uchakavu wa lugha.

Watu wengi huvigawa vitabu hivi kwa mada: falsafa ni ngumu kusikiliza, vita ni rahisi. Mgawanyo huo unapotosha. Kinachopima ugumu ni kama kitabu kilitungwa kwa ajili ya sikio au jicho. Mwanahistoria Herodotus anasimuliwa na mwandishi Lucian kuwa aliwasomea watu historia yake kule Olympia, na hata leo ukimsikiliza unaona kwa nini: hadithi zake zina mlango wa kuingilia na wa kutokea. Mazungumzo ya Plato pia ni ya sikio. Maandishi ya Aristotle tuliyonayo ni kama maelezo ya kufundishia, yamekauka, yanasubiri mwalimu ayapanue, na msomaji akiyapitia mbio msikilizaji habaki na kitu. Thucydides mwenyewe alitangaza kwamba kazi yake si ya kufurahisha masikio kwa siku moja, bali ni mali ya kudumu. Alijua anaandika jambo ambalo sikio litalitafuna kwa shida.

Upande wa jicho kabisa wamo Spinoza na Wittgenstein. Ethics ya Spinoza, iliyochapishwa mwaka 1677, imepangwa kwa mtindo wa jiometri: fasili, kanuni za msingi, madai, uthibitisho. Kila uthibitisho unarudisha msomaji kwenye madai yaliyotangulia kwa nambari. Kwa macho, unafunua kurasa za nyuma na kuhakiki. Kwa masikio, nambari hizo zinageuka kelele. Wapo wanaozisoma zote kwa uaminifu, na wapo wanaozipunguza. Mimi ningependa zisomwe zote, lakini kwa sauti ya chini na kasi kidogo, ili sikio lijue kwamba hapa ni nguzo ya nyumba na si sebule. Tractatus ya Wittgenstein ni kali zaidi. Aliiandika kwa sehemu kubwa akiwa askari wa Austria-Hungaria katika Vita Kuu ya Kwanza, na kila sentensi ina nambari ya desimali inayoonyesha ipo chini ya sentensi gani. Nambari zile ndizo mifupa ya kitabu. Kisha yapo majedwali ya ukweli, safu za herufi zinazoonyesha lini sentensi ni kweli na lini si kweli. Jedwali halisomeki kwa sauti, linaelezwa tu, na anayelieleza tayari ameanza kufundisha.

Mahali ninapompimia msomaji wa historia ya vita ni mazungumzo ya Melos katika kitabu cha tano cha Thucydides. Mwaka 416 KK Athens ilipeleka meli 38 kwenye kisiwa hicho kidogo, ambacho watu wake walikuwa na asili ya Sparta na walitaka kubaki bila upande katika vita vya Athens na Sparta. Wajumbe wa Athens wakanyimwa nafasi ya kusema mbele ya umma, wakapelekwa kwenye baraza la viongozi wachache. Waathens wakapendekeza kusiwe na hotuba ndefu, kila hoja ijibiwe papo hapo. Hapo Thucydides anaacha kusimulia. Anaandika kama tamthilia: upande huu unasema, upande ule unajibu, bila maelezo ya nyuso, bila neno linaloonyesha hasira au hofu.

Msomaji mmoja, sauti moja, pande mbili. Kishawishi ni kuigiza. Wengi huwapa Waathens sauti nzito ya kibabe na Wamelos sauti ya unyonge inayotetemeka. Nikisikia hivyo najua kifungu kimeshaharibika, kwani msikilizaji ameambiwa amchukie nani kabla hajasikia hoja. Waathens wa Thucydides hawafoki. Wanajadili kama watu wenye busara wanaotaka kuokoa muda wa kila mtu. Wamelos nao hawalii, wanatafuta mwanya wa maslahi, wakijaribu kuonyesha kwamba hata Athens itaumia. Kifungu kikisomwa kwa utulivu ule ule pande zote mbili, na tofauti ikiwekwa kwenye mwendo tu, Waathens wakijibu haraka kama walio na majibu tayari na Wamelos wakitua kabla ya kusema, ndipo kinapotisha kweli. Msikilizaji anajikuta amefuata mantiki hatua kwa hatua, kisha sentensi chache baadaye anasikia kwamba wanaume waliokamatwa waliuawa na wanawake na watoto wakauzwa utumwani. Sentensi hiyo haihitaji huzuni ya msomaji. Thucydides aliiandika fupi, na isomwe fupi.

Katika kitabu cha saba kuna kisa ambacho kila msomaji angekibandika ukutani mwa studio. Jemadari Nicias wa Athens amekwama Sicily, jeshi lake linadhoofika, na anataka Athens ijue hali halisi. Anaogopa kutegemea wajumbe peke yao: huenda hawajui kusema vizuri, huenda watasahau, huenda watasema yale ambayo umati unapenda kuyasikia. Kwa hiyo anaandika barua, na inapofika Athens karani wa mji anaisoma mbele ya watu. Hofu zote tatu za Nicias bado ni makosa makuu matatu ya usomaji wa kitabu cha sauti. La tatu ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu soko linalitia moyo.

Angalia anachofanyiwa Marcus Aurelius. Alikuwa mfalme wa Roma, na sehemu ya maandishi yake aliyaandika akiwa vitani kwenye mpaka wa mto Danube. Kitabu kina kumbukumbu inayomtaja akiwa kwa kabila la Waquadi, kando ya mto Gran, na nyingine inataja mji wa Carnuntum. Alijiandikia mwenyewe. Hakuna hadhira mle, kuna mtu aliyechoka anayejikumbusha asiwe mbaya. Leo maandishi hayo husomwa mara nyingi kwa sauti ya mhubiri, ala za muziki zikipiga taratibu chini yake, kana kwamba mfalme anampa msikilizaji siri ya mafanikio. Matamshi yanaweza kuwa safi na kila neno likawepo, lakini anayeambiwa amebadilishwa, na kwa hiyo maana imebadilika. Usomaji unaomfaa ni wa mtu anayejisemea, wenye ukimya mrefu kati ya aya na aya, kwa sababu kila aya iliandikwa peke yake.

Kwa Caesar shida ni kinyume chake. Anasimulia vita vyake vya Gaul akijitaja kwa jina, kana kwamba ni mtu mwingine. Msomaji akiweka fahari kwenye jina hilo anafichua ujanja wa mwandishi. Akilipita kama jina la mtu yeyote, ujanja unafanya kazi kama ulivyokusudiwa, na msikilizaji makini ataugundua mwenyewe.

Kuhusu ramani sina mengi. Historia ya vita iliyochapishwa huwa na ramani, na kitabu cha sauti huambatanisha faili ambalo dereva hawezi kulitazama. Mwandishi anayejenga uwanja wa vita kwa maneno, akianza na mto, kisha kilima, kisha barabara, anasikilizika bila ramani. Shelby Foote, mwandishi wa riwaya aliyeandika historia ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani katika majuzuu matatu kati ya 1958 na 1974, alikuwa na kipaji hicho, na Grover Gardner aliyasoma majuzuu hayo kwa zaidi ya saa 100. Tanbihi ni suala zito zaidi. Katika Sun Tzu wa Giles, sura 13 fupi zimechanganywa na maelezo ya wafafanuzi wa Kichina na ya Giles mwenyewe. Yakisomwa kwa sauti moja, msikilizaji anaweza kudhani Sun Tzu anamtaja Napoleon. Wengine huweka wasomaji wawili, mmoja wa matini na mmoja wa maelezo, na naona huo ndio uamuzi sahihi.

Je, anayesikiliza anaelewa sawasawa na anayesoma? Utafiti wa Beth Rogowsky na wenzake uliochapishwa mwaka 2016 ulitumia sehemu za Unbroken, kitabu cha Laura Hillenbrand kuhusu mwanajeshi wa anga wa Marekani katika Vita Kuu ya Pili, na haukuona tofauti ya maana kati ya waliosikiliza na waliosoma. Lakini utafiti wa David Daniel na William Woody wa mwaka 2010, uliowapa wanafunzi makala ya kitaaluma, ulionyesha waliosikiliza wakifanya vibaya zaidi kwenye mtihani. Sioni mgongano. Wa kwanza ulipima masimulizi, wa pili ulipima maelezo ya hoja. Masimulizi yanajibeba kwa wakati, hiki kikafuata kile. Hoja haina wakati, ina mpangilio, na mpangilio lazima mtu auonyeshe.

Kwa kipimo hicho nazipima pia sauti za akili mnemba. Mwaka 2023 Project Gutenberg, ikishirikiana na Microsoft na watafiti wa MIT, ilitoa vitabu vya sauti karibu 5,000 vilivyosomwa na kompyuta. Kwa mtu asiyeona ambaye kitabu anachokitaka hakijawahi kurekodiwa na binadamu, hiyo ni neema, na anayeibeza hajawahi kunyimwa kitabu. Ila mashine huchagua mkazo kwa kufuata mazoea ya sentensi nyingi ilizofunzwa nazo, na falsafa ni uwanja ambapo sentensi huandikwa kupinga mazoea. Binadamu asipoelewa sentensi husita, hurudia, humwuliza mhariri. Mashine hupita na sauti ileile nzuri, na uzuri huo huficha kosa.

Waswahili tuna historia ya vita iliyojengwa kwa ajili ya sikio tangu mwanzo. Hemedi bin Abdallah el-Buhry alitunga utenzi wa vita vya pwani dhidi ya Wajerumani vya 1888 na 1889, na Abdul Karim bin Jamaliddini akatunga wa Maji Maji. Mizani nane kwa kila kipande, vina vitatu vinavyofanana, kisha kituo kinachorudi ubeti hadi ubeti: msikilizaji anajua daima yuko wapi. Hiyo ndiyo kazi ambayo msomaji wa Thucydides analazimika kuifanya kwa koo lake.

Kwa falsafa ya nathari, sarufi yetu ina msaada ambao Kiingereza hakina. Katika tafsiri ya Kiingereza ya Kant, kiwakilishi kimoja kinaweza kurudi kwenye akili, uzoefu au wazo, na sikio linabaki linakisia. Kiswahili kinasema hiyo, huo, hilo, na jambo limekwisha. Lakini msaada huo unapatikana tu mtafsiri akiuchunga. Akijaza aya kwa hoja, dhana, nadharia, sababu na hali, zote za ngeli moja, kila "hiyo" inakuwa kitendawili. Anayetafsiri Plato au Clausewitz kwa Kiswahili huku akijua kitarekodiwa angefanya vizuri kubadilisha ngeli kwa makusudi, aweke wazo mahali pa dhana, dai mahali pa hoja, kisha ampe msomaji aisome aya kwa sauti mbele yake kabla haijapelekwa kuchapwa.